Asilimia 5 si kidogo: Namba isiyofahamika haimwondolei muuzaji dhima

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyekiumba kila kitu kwa kipimo chake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaoufuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo napenda tuzungumze kuhusu namba. Namba yenyewe ni ndogo, na imeandikwa pembeni mwa kiboksi cha sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana wetu wanaiita vepu. Mara huandikwa "2%", mara "5%", mara "20 mg/ml" au "50 mg/ml". Namba hiyo inaeleza ukali wa nikotini iliyomo ndani ya kimiminika kinachogeuzwa mvuke na kuvutwa hadi mapafuni. Vijana wengi huiona wasiifahamu, na wazazi wengi hawajapata hata kuiona. Hoja yangu leo ni kuwa muuzaji anayeandika kipimo ambacho mnunuzi wake hawezi kukifahamu bado hajatimiza amana ya kubainisha, na mzazi asiyekijua kipimo hicho hawezi kumlinda mwanawe.

Huenda msomaji akasema: Sheikh, wanazuoni wengi wa zama hizi wamekwishasema kuwa uvutaji ni haramu kwa sababu ya madhara yake, kuna haja gani ya kukaa tukijadili maandishi ya kwenye boksi? Jibu ni kwamba wanazuoni wetu wametufundisha kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Kijana aliyeambiwa kwamba sigara ni haramu, naye anaamini kuwa alichonacho mkononi ni mvuke wenye ladha ya embe tu, haoni kuwa maneno yetu yanamhusu. Tutahutubu Ijumaa hadi Ijumaa, naye ataitikia "amina" kwa dhati ya moyo wake huku kifaa kimo mfukoni.

Yaliyotokea Marekani

Tutazame kwanza nchi ambako jambo hili limechunguzwa kwa marefu na mapana. Mwaka 2015 kulitolewa sokoni huko Marekani kifaa kiitwacho JUUL, chembamba mfano wa flashi ya kompyuta, kiasi kwamba mwanafunzi aliweza kukiweka juu ya dawati na mwalimu asitambue. Kichupa chake kilibeba mililita 0.7 tu za kimiminika, na ukali wake uliandikwa kuwa ni asilimia 5 kwa uzito. Ukiugeuza ukali huo katika kipimo kingine utapata takriban miligramu 59 kwa kila mililita, yaani kiasi cha miligramu 40 za nikotini katika kichupa kidogo. Kampuni yenyewe ilikilinganisha kichupa kimoja na pakiti nzima ya sigara 20.

Je, waliokuwa wakikivuta walijua hayo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwauliza vijana wa Marekani wenye umri wa miaka 15 hadi 24. Miongoni mwa waliokuwa wamekitumia kifaa hicho karibuni, asilimia 63 hawakujua kuwa daima kina nikotini. Ndugu msomaji, zingatia jambo hili. Hawa si watu waliokuwa wakisimuliwa habari za kifaa. Hawa ndio waliokuwa wakikivuta. Ikiwa hakujua kuwa nikotini imo, atawezaje kujua ni kali kiasi gani?

Kulikuwa na sababu nyingine ya ghafla hii. Nikotini ya namna ya zamani, ikiwa kali, hukwaruza koo na kumkohoza mvutaji mgeni. Watengenezaji wakaichanganya na asidi, ikawa chumvi ya nikotini, na ukali wake kooni ukapungua sana hali kiasi chake kikipanda. Kikohozi, ambacho ni mlinzi aliyewekwa na Muumba mlangoni mwa kifua, kikanyamazishwa. Kijana alipovuta na asione ukali wowote, alihitimisha kuwa alichokivuta ni chepesi. Ulimi ulimwambia ni peremende, koo likamwambia ni hewa, na namba ikamwambia ni tano katika mia.

Kuanzia Agosti 2018, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ililazimisha maboksi yote yawe na onyo kwamba bidhaa ina nikotini na kwamba nikotini husababisha uraibu. Ilikuwa hatua njema. Hata hivyo onyo hilo lilisema tu kuwa nikotini imo. Halikumwambia msomaji imo kiasi gani kwa maneno anayoweza kuyapima. Desemba ya mwaka huohuo Daktari Mkuu wa nchi hiyo alitangaza kuwa matumizi ya vepu kwa vijana yamefikia kiwango cha mlipuko wa maradhi. Mwaka 2019, asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu walisema kuwa wamevuta ndani ya siku 30 zilizopita. Baadaye hesabu zilishuka, na mwaka 2024 wanafunzi waliokuwa wakivuta walikuwa asilimia 5.9 ya wanafunzi wa sekondari zote, za chini na za juu. Nao bado ni zaidi ya milioni moja na nusu. Kampuni ya JUUL ilikubali mwaka 2022 kulipa dola milioni 438.5 kwa majimbo zaidi ya 30 kumaliza madai ya kuwalenga vijana katika utangazaji wake, na mwaka 2023 ikakubali kulipa dola milioni 462 kwa majimbo mengine. Fedha zililipwa, lakini hakuna fedha inayoweza kumrudishia mtoto utulivu alioupoteza.

Kwa nini namba hudanganya

Niliwahi kuwauliza vijana baada ya darsa, nini maana ya asilimia 5 katika kitu kama hiki. Mmoja alijibu upesi kuwa ni kidogo sana, kwa sababu shuleni mwenye asilimia 5 amefeli. Wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyempinga. Jibu lake lina mantiki kwa mtu anayeijua asilimia kupitia mitihani peke yake, ambako mia ndiyo ukamilifu na tano ni karibu na sifuri.

Basi na tuwafundishe kwa mfano ulio karibu nasi. Maji ya bahari yana chumvi ya kiasi cha asilimia 3.5. Ni nani katika watu wa pwani atakayechota kikombe cha maji ya bahari anywe, akisema kuwa asilimia 3.5 ni kidogo? Siki ya jikoni huwa na asidi ya kiasi cha asilimia 5, na bado tone moja likiingia jichoni utaruka. Uchache na wingi hutazamwa kwa nguvu ya kitu chenyewe na athari yake mwilini, na nikotini ni katika vitu ambavyo miligramu zake chache zinatosha kumshika mtu.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila mzazi anaweza kuijua leo hii. Kwa kawaida asilimia 1 ni sawa na miligramu 10 kwa kila mililita. Kwa hiyo asilimia 2 ni miligramu 20, na asilimia 5 ni miligramu 50. Mwenye kuona "20 mg/ml" akadhani ni kali zaidi ya "5%" kwa kuwa 20 ni kubwa kuliko 5, amekosea kabisa. Ile ya asilimia 5 ina ukali wa mara mbili na nusu. Tena, kama tulivyoona, wengine huhesabu asilimia kwa uzito, na namba ikatofautiana kidogo. Vipimo viwili kwa kitu kimoja, dukani mamoja, na mnunuzi ni mtoto wa miaka 15!

Kisha kuna jambo ambalo halimo katika namba hiyo kabisa, nalo ni ujazo. Ukali unaeleza nikotini iliyomo katika mililita moja. Hauelezi iliyomo katika kifaa kizima. Kifaa cha asilimia 2 chenye mililita 2 kina miligramu 40. Kifaa cha asilimia hizohizo 2 chenye mililita 10 kina miligramu 200. Na kikiwa cha asilimia 5 chenye mililita 10, ndani yake zimo miligramu 500. Boksi la kwanza na la pili yameandikwa namba moja, lakini mzigo wake umezidi mara tano. Na kilichoandikwa kwa herufi kubwa za rangi ya kumeta ni idadi ya mivuto: 5,000, au 10,000. Idadi hiyo humvutia mtoto kama bei nafuu inavyomvutia mama sokoni.

Wengine hulinganisha na sigara. Sigara moja ya kawaida huwa na kiasi cha miligramu 10 hadi 15 za nikotini ndani ya tumbaku yake, lakini inayoingia mwilini mwa mvutaji huwa ni kiasi cha miligramu 1 au 2, kwa kuwa nyingine huungua na kupotea hewani. Asiyeijua tofauti kati ya kilichomo na kinachoingia, namba zote mbili zitampoteza.

Somo la sigara nyepesi

Ndugu zangu, hii si mara ya kwanza kwa namba kutumika kama pazia. Wazee wetu wanazikumbuka sigara zilizoitwa nyepesi. Pakiti ziliandikwa kiasi kidogo cha lami na nikotini, na kiasi hicho kilipimwa kwa mashine, hivyo namba haikuwa ya uongo. Lakini mashine haina uraibu. Binadamu, mwili wake ulipokosa ulichokizoea, alivuta kwa nguvu zaidi, akashikilia moshi kwa muda mrefu, na akaziziba kwa vidole tundu ndogo zilizotobolewa kwenye kichungi. Akaridhika kuwa amepunguza, kumbe hakupunguza. Marekani iliyapiga marufuku maneno hayo ya "nyepesi" na mfano wake kuanzia mwaka 2010. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwishayakataza kabla yake, na katika maelekezo yake ya mwaka 2014 ukaziondoa hata namba za lami na nikotini kwenye pakiti za sigara, kwa kuwa zilikuwa zikiwahadaa watu.

Maelekezo hayohayo ya Ulaya yaliweka mpaka kwa vepu: ukali usizidi miligramu 20 kwa mililita, na kichupa cha kifaa kisizidi mililita 2. Huo ni mpaka wa maana, na Marekani haina mfano wake. Hata hivyo somo la sigara nyepesi halijafutika. Imeonekana kuwa wanaopewa kimiminika hafifu huvuta mara nyingi zaidi ili kufidia pengo, na kifaa chenye nguvu kubwa hutoa mvuke mwingi zaidi kwa mvuto mmoja. Namba ndogo ikitua mikononi mwa aliyekwishanasa si lazima iwe nusura.

Ama ile sifuri iandikwayo kwenye baadhi ya vichupa, nayo isipokelewe kwa macho yaliyofumbwa. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipima vichupa vya kampuni mbili vilivyoandikwa kuwa havina nikotini. Isipokuwa kimoja, vyote vilivyopimwa vilikutwa na nikotini kidogo ndani yake. Anayemwambia mzazi wake "hii yangu ni sifuri" huenda anasema kweli kadiri ya ujuzi wake, na bado ikawa si kweli.

Kubainisha ni sharti la biashara

Sasa tuipime biashara hii kwa mizani ya sheria yetu. Katika vitabu vya fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, kitu kinachouzwa kina masharti matano: kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiweze kukabidhiwa, kiwe katika miliki au mamlaka ya anayekiuza, na kiwe kinajulikana. Kujulikana huko ni kwa dhati yake, kiasi chake na sifa zake, na ni kwa pande zote mbili. Muuzaji akijua peke yake haitoshi. Namba ambayo mnunuzi anaisoma kinyume cha maana yake imempa kiasi gani cha kujua?

Tena, katika madhehebu hayo, mauzo anayofunga mtoto asiyebaleghe hayasihi, hata akiwa mwerevu kiasi gani. Wanazuoni hawakuweka kizuizi hicho kwa kumdharau mtoto. Walijua kuwa maarifa ya bei si maarifa ya madhara.

Na ni nani asiyeijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono wake katika rundo la chakula, na vidole vyake vikakuta unyevu chini? Muuzaji alitoa udhuru kuwa ni mvua iliyokinyeshea. Mtume (S.A.W.) alimtaka aiweke sehemu iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatoa onyo kali kwa mwenye kughushi. Tuzingatie, ndugu Waislamu: muuzaji yule hakusema neno la uongo. Chakula kilikuwepo, na unyevu ulikuwepo. Kosa lake ni kuwa kilichomhusu mnunuzi alikiweka chini. Leo ladha ya embe iko juu, picha ya barafu iko juu, mivuto 10,000 iko juu, na nikotini iko chini kwa herufi za kusomwa na mwenye miwani. Nadhani kila mwenye insafu anaona mfanano uliopo.

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Wapo wavutaji wa sigara wa miaka mingi ambao waliachana nayo kabisa wakahamia vepu, na matabibu wa Uingereza wanaona kuwa kwa watu hao sumu wanayoivuta imepungua. Serikali ya huko ilitangaza mwaka 2023 mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja vifaa hivyo ili waache sigara. Lakini nchi hiyohiyo, tarehe 1 Juni 2025, ilipiga marufuku uuzaji wa vepu za kutumia na kutupa, na miongoni mwa sababu zake ni vijana. Dawa ya aliyejeruhiwa si chakula cha mzima. Mtoto ambaye hajapata kuvuta sigara hana anachoponyeshwa. Anachokipata ni uraibu mpya, katika umri ambao ubongo wake bado unajengwa, na wataalamu wanasema ujenzi huo huendelea hadi kiasi cha miaka 25.

Nini wajibu wetu

Kwanza, wazazi. Tusiishie kumkaripia mtoto. Kifaa kikionekana, kishike, tafuta namba, tafuta mililita, zidisha mbele yake, umwoneshe zinatoka miligramu ngapi. Baba anayekaa na mwanawe dakika 10 kwa hesabu hiyo huenda akafanya kazi kubwa kuliko hasira ya mwezi mzima. Na tuwe na macho ndani ya Ramadhani. Kuvuta mvuke huo makusudi kunafunguza, kama unavyofunguza moshi wa sigara. Basi kijana ambaye alasiri hatulii, hasira zake ziko karibu, na ikiadhiniwa Magharibi hutoweka chooni kabla hata ya kumaliza tende, huenda mwili wake unatoa habari ambazo ulimi umezificha.

Pili, aliyekwishanasa. Huyu asiitwe fasiki mbele za watu. Wengi wao waliingia bila kujua walichokivuta, na asiyejua hufundishwa. Kutotulia, kukosa usingizi na hamaki katika siku za mwanzo za kuacha ni dalili zinazojulikana na madaktari. Apelekwe kwa tabibu, na asimamiwe kwa dua na subira.

Tatu, ndugu zetu wafanyabiashara. Faida ya kiboksi kimoja haina thamani ya kubeba dhima ya kijana wa jirani. Asiyeweza kukieleza kilichomo kwa lugha ambayo mnunuzi wake ataifahamu, na akakieleza mbele ya baba yake huyo mnunuzi bila haya, akiache.

Nne, watunga sheria. Sheria ya Tanzania ya bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003, mwaka uleule ambao mfamasia wa Kichina, Hon Lik, alibuni sigara ya kielektroniki ya kisasa. Na ile ya Kenya ni ya mwaka 2007. Zilitungwa kwa ajili ya moshi wa tumbaku. Uganda, katika sheria yake ya mwaka 2015, ilivipiga marufuku vifaa hivi moja kwa moja. Nchini Kenya, muswada wa kuirekebisha sheria hiyo ili izifikie bidhaa hizi mpya ulipelekwa katika Seneti mwaka 2024. Njia ya Uganda ndiyo ninayoiona kuwa salama zaidi kwa watoto wetu. Lakini pale ambapo bidhaa inaruhusiwa, basi lisikubaliwe boksi lisiloandika kwa Kiswahili, upande wa mbele na kwa herufi kubwa, jumla ya miligramu za nikotini zilizomo katika kifaa kizima, kuwa nikotini hiyo hufunga mtu asiweze kuacha, na kwamba si halali kumuuzia mtoto. Na uwekwe mpaka wa ukali na wa ujazo kwa pamoja, kwa sababu mpaka wa kimoja bila kingine ni mlango uliofungwa komeo na dirisha likaachwa wazi.

Ndugu Waislamu, Qur'ani Tukufu ina sura nzima inayofunguliwa kwa onyo kwa wanaopunja vipimo. Tumezoea kuifahamu kwa pishi na mizani za sokoni, na ndivyo ilivyo. Lakini mwenye kumpa mtu kipimo ambacho anajua kitasomwa vibaya, akanufaika na kusomwa huko vibaya, ajitazame kama hayumo katika kundi hilo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awalinde vijana wetu na kila linalowadhuru wasilolijua, awape wazazi hekima ya kufundisha kabla ya kuadhibu, awape wafanyabiashara wetu kukinai na kilicho halali, na atujaalie tuwe wenye kubainisha haki kwa lugha inayofahamika. Amin.

Wabillahi tawfiq.